Fahamu: 'Sneak Attack' kwenye Dungeons & Dragons inahesabiwaje?

Zimwi limebakiza pointi 30 za uhai. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20, inatua kwenye 20. Meza nzima inashangilia, halafu ghafla ubishi unaanza: zile dadu za ziada nazo zinaongezwa mara mbili au la?

Huo ni mzozo wa kawaida kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974. Chanzo chake mara nyingi ni uwezo mmoja wa mhusika aina ya Rogue, yaani mjanja wa kundi. Uwezo huo unaitwa Sneak Attack.

Inaongeza nini?

Kwa kanuni za toleo la tano, lililotoka 2014, Rogue wa levo ya 1 anaongeza dadu 1 ya pande 6 kwenye madhara ya pigo lake. Kila baada ya levo mbili inaongezeka dadu nyingine. Levo ya 5 zinakuwa 3, levo ya 19 zinafika 10.

Lazima ujifiche?

Hapana, na hapa jina ndilo linalowachanganya wengi. Kujificha ni njia mojawapo tu. Kinachotakiwa ni mchezaji awe na faida kwenye shambulio, yaani anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua namba kubwa.

Kama hana faida hiyo, bado inakubalika iwapo mwenzake aliye timamu yuko ndani ya futi 5 za adui, mradi yeye mwenyewe asiwe kwenye hali ya kurusha mbili na kuchukua namba ndogo.

Silaha nayo ni muhimu. Inakubalika ya kutumia wepesi wa mkono, kama kisu au upanga mwembamba, au ya kupigia mbali, kama upinde. Rungu halimo.

Ikitua 20 je?

Kanuni iko wazi: dadu zote za madhara za shambulio hilo zinarushwa mara mbili, zikiwemo za Sneak Attack. Namba isiyotoka kwenye dadu haiguswi.

Mfano: Rogue wa levo ya 5 ana upanga wa dadu 1 ya pande 8, nyongeza ya wepesi 4, na dadu 3 za Sneak Attack. Pigo la kawaida linampa wastani wa 19. Ikitua 20, anarusha dadu 2 za pande 8, dadu 6 za pande 6, kisha anajumlisha 4 mara moja tu. Wastani unakuwa 34.

Akiongeza mara mbili dadu ya upanga peke yake, wastani unabaki 23.5. Akizidisha kila kitu, zile 4 zikiwemo, unapanda hadi 38. Zote mbili sio sahihi.

Kwa zimwi lenye pointi 30 tofauti hiyo sio ndogo. Kwa wastani wa 34 linaanguka. Kwa 23.5 linabaki hai, na zamu yake ikifika linaweza kummaliza mwenzenu aliyebakiza pointi mbili tatu.

Mara moja kwa zamu, sio kwa raundi

Raundi moja ni kama sekunde 6 za hadithi, na ndani yake kila mhusika ana zamu yake. Sneak Attack inaruhusiwa mara moja kwa *zamu*.

Kwa hiyo Rogue akiitumia kwenye zamu yake, halafu adui akakimbia kutoka karibu naye kwenye zamu ya adui huyo, Rogue ana haki ya kumpiga pigo la kushtukiza. Masharti yakitimia, dadu za ziada zinahesabiwa tena. Wengi wanaona kama wizi, lakini ni halali. Kanuni zilizoboreshwa mwaka 2024 hazikuliondoa hilo.

Nani anaamua?

Mwisho wa siku msimamizi wa mchezo, Dungeon Master, ndiye mwenye kauli, na anaweza kubadili kanuni kwa meza yake. Ila ni vyema aseme kabla ya mchezo kuanza. Akibadilisha wakati zimwi limebakiza pointi 30, ataonekana anapendelea upande.