Mabawa Yasiyo na Nguzo

Mkulima wa Bukirasazi, huku kwetu Burundi, akiona mgomba umeelemewa na mkungu, hukata mti akauegemeza. Hajasoma uhandisi, lakini anajua kwamba kitu kilichotokeza hewani na mzigo juu yake hakikawii kuinama. Wakubwa wa Asmara, Eritrea, waliwaza hivyohivyo mwaka 1938 walipoletewa wazo la kituo cha mafuta chenye mabawa mawili ya zege, kila moja la mita 15 hivi, na chini yake hakuna hata nguzo moja.

Kituo hicho, Fiat Tagliero, kilisanifiwa na mhandisi Mwitalia Giuseppe Pettazzi. Eritrea ilikuwa koloni la Italia, na tangu Ethiopia ilipovamiwa kutokea huko mwaka 1935 Asmara ilijaa magari. Mwingine angejenga kibanda na paa la bati, akamaliza. Pettazzi alijenga ndege: katikati mnara wenye madirisha kama ya chumba cha rubani, ndani yake ofisi na duka, kulia na kushoto mabawa ya kulifunika gari linalojazwa mafuta.

Siri yake ni nondo. Zege likibanwa halina neno, likivutwa hupasuka. Bawa lililoshikwa upande mmoja hutaka kushuka ncha, basi uso wake wa juu huvutwa na wa chini hubanwa. Ndiyo sababu nondo kuu hulazwa juu, kinyume cha boriti ya kawaida iliyokalia kuta mbili. Fundi akikosea hapo, paa linakuja chini. Tena mabawa yenyewe hupimana uzito, kama ndoo mbili za mzegazega.

Wakubwa hawakuridhika, wakadai nguzo, zikawekwa. Husimuliwa kwamba siku ya ufunguzi Pettazzi alimtolea mkandarasi bastola ili aziondoe. Hiyo bastola, nadhani, ni chumvi ya wasimulizi; hesabu ilitosha.

Mji ule ulipangwa kwa ubaguzi: Waitalia huku, wenyeji kule. Ukoloni huo ulikwisha, vita vikapita, na mabawa yakabaki. Kituo kilikarabatiwa mwaka 2003, na mwaka 2017 UNESCO iliiingiza Asmara katika orodha ya urithi wa dunia.

Siku utakapokuwa kwenye foleni ya mafuta hapa Gitega, na foleni hizo tunazijua, inua macho ulitazame paa, kisha uhesabu nguzo.