Tangazo Linaloambukiza: Utafiti Uanzie Wapi?

Wahenga walinena kuwa mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Methali hii nimeionja mwenyewe. Nilipopeleka mada yangu ya utafiti, "Matangazo Yanayoenea kama Homa," mwalimu aliirudisha na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Nini hasa?" Niliudhika, lakini alisema kweli. Mada ilikuwa bahari nzima.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Tangazo la kawaida hutoka kwa mwenye bidhaa. Tangazo linaloambukiza hupitishwa na wateja wenyewe, huyu akamwambia yule. Mfano maarufu ni Hotmail, huduma ya barua pepe ya bure iliyoanzishwa Marekani na Sabeer Bhatia na Jack Smith mwezi wa Julai 1996. Chini ya kila barua paliandikwa mstari mfupi wa kumkaribisha mpokeaji ajiandikishe bila malipo. Kumbe kila aliyetuma barua alikuwa mtangazaji! Mwishoni mwa 1997 kampuni ya Microsoft iliinunua, ikiwa tayari na mamilioni ya watumiaji. Hapa kwetu Kenya, mnamo 2010, video ya wimbo "Ha-He" wa kundi la Just a Band ilimfanya Makmende azungumzwe kila pembe, watu wakimtungia vichekesho wao wenyewe.

Siri yake ni hesabu. Kila mtu akiwaambia wawili wapya, mmoja huleta 2, wao 4, kisha 8. Hatua ya 10 wapya ni 1,024. Lakini watu 10 wakileta 8 tu, nao 8 wakaleta 6, habari itazimika kama moto wa makuti.

Sasa kiini tukipate wapi? Hebu tuigawe mada kwa maswali matatu.

Kwanza, kinachopitishwa ni nini? Mwaka 2012 Jonah Berger na Katherine Milkman walichapisha utafiti kuhusu makala za gazeti la New York Times. Waliona kuwa zilizoamsha mshangao, hasira au wasiwasi zilitumwa zaidi kuliko zilizohuzunisha.

Pili, anayepitisha ni nani? Wengi hudhani lazima awe mtu mashuhuri. Duncan Watts na Peter Dodds waliliiga jambo hili kwa kompyuta mwaka 2007, wakaona kuwa mara nyingi kilicho muhimu zaidi ni wingi wa watu wa kawaida walio wepesi kushawishika.

Tatu, je, anayepata habari hununua? Hapa wengi hujikwaa. Kucheka na video si kutoa pesa mfukoni!

Chagua swali moja, kisha kundi moja unaloweza kulifikia. Mimi nimechagua la pili, na jarida letu hili hili. Mwaka jana nakala nyingi zilibaki kabatini ingawa tulibandika matangazo kila ukuta. Basi swali langu ni hili: wanunuzi wa Kidato cha Pili hupata habari za jarida kwa matangazo ya ukutani au kwa rafiki? Na rafiki huyo ni nani? Hilo nitalijibu kwa daftari na kalamu, wiki mbili tu. Safari hii mwalimu hakuandika "Nini hasa?" Aliandika "Anza."

Kwa hivyo ndugu msomaji, nikija kukuuliza nani alikuambia habari za jarida hili, nijibu kweli. Na ukishalisoma, mpashe mwenzako, lakini anunue lake!