Mistari Mitano kwa Siku: Likizo ya Desemba Bondeni Rukwa

Mzazi wa Mtowisa, hapa bondeni Rukwa, ambaye angependa kumsomesha mwanawe nyumbani mwaka mzima, kama wafanyavyo baadhi ya wazazi Wakristo wa Marekani, hana njia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria hadi amalize. Jirani zetu Wakenya wameubishania mpango huo hadi Mahakama Kuu. Kwetu mjadala haujaanza, na sidhani kwamba bondeni Rukwa ndiko uanzie. Hata hivyo, upo msimu ambao shule yenyewe humrudisha mtoto nyumbani na kufunga milango. Tangu mwanzoni mwa Desemba hadi katikati ya Januari, kwa takriban wiki tano, hakuna mwalimu wala kengele, na Wizara ya Elimu imekuwa ikizikemea shule zinazowaita wanafunzi darasani wakati wa likizo. Kwa wiki hizo, familia ya Mtowisa inasomesha nyumbani, ipende isipende. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba familia ya Kikristo tayari inalo darasa la kutosha kwa msimu huo, nalo ni sala ya jioni, iwapo tu itabadilisha jambo moja: anayesoma Neno awe mtoto, na mtu mzima awe msikilizaji.

Tuanze na kile kinachopotea. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu likizo ndefu ya kule, wakaona kwamba mwanafunzi hurudi darasani akiwa nyuma kwa kadiri ya mwezi mmoja wa masomo, na kwamba hisabati huporomoka zaidi kuliko kusoma. Kwetu ushahidi wa karibu zaidi unatoka Malawi, nchi ambayo watoto wake wanaishi maisha yasiyotofautiana sana na ya Rukwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima usomaji wa watoto wa madarasa ya chini kabla na baada ya likizo ya kuvuka darasa, ukakuta hasara kubwa. Ukiziweka tafiti hizo mbili pamoja unapata jambo la kufikirisha. Mtoto wa Marekani husahau hesabu upesi, huenda kwa sababu nyumbani kwao maandishi yamejaa, na hesabu za darasani hazina pa kufanyiwa. Mtowisa mambo yamegeuka. Desemba mvua zimeshaanza, familia iko shambani kwenye mahindi na mpunga, na shamba ni hesabu tupu. Anayepanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo anahitaji kujua kwamba ekari moja itabeba karibu miche 18,000, na hivyo mbegu kiasi gani inunuliwe. Anayepima mahindi anajua debe sita ni gunia, na anajua pia pale mnunuzi anapotaka gunia lijae hadi kuwa lumbesa. Mtoto aliyeko hapo anajumlisha na kugawanya kutwa nzima bila kuambiwa. Lakini katika shamba lote hilo hakuna herufi hata moja, isipokuwa zilizochapwa kwenye mfuko wa mbegu. Na kama nyumbani kinazungumzwa Kifipa, au Kisukuma kwa wafugaji waliohamia bondeni, basi Kiswahili cha kitabuni nacho kinalala wiki tano.

Kusoma kwa Kiswahili kuna wepesi wake: herufi hutamkwa jinsi zilivyoandikwa, na mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka neno asilowahi kulisikia. Ugumu uko kwenye kasi. Anayesoma silabi mojamoja hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake, na kasi haipatikani kwa maelezo. Hupatikana kwa kusoma kidogo, kwa sauti, kila siku. Hapo ndipo kalenda ya Kanisa inapofaa kuliko mpango wowote wa tuisheni. Likizo huanza ndani ya Majilio, hupita Noeli, Sikukuu ya Watoto Mashahidi tarehe 28 Desemba, Mwaka Mpya na Epifania, na kukaribia kumalizika wakati Ubatizo wa Bwana unapokifunga kipindi cha Noeli. Simulizi lote la kuzaliwa na utoto wa Yesu limo katika sura nne tu: Luka ya kwanza na ya pili, Mathayo ya kwanza na ya pili. Ukihesabu, sura hizo zina mistari 80, 52, 25 na 23, jumla 180. Mistari mitano kwa siku inazimaliza kwa siku 36, ambazo ni wiki tano na siku moja. Sijui mtaala uliopangwa na wizara yoyote uliowahi kuingia katika likizo vizuri namna hiyo. Kuna siku tatu na ushei za majina ya ukoo katika Mathayo, ambazo mapadre wengi wangependa kuziruka. Kwa mwalimu wa kusoma ni hazina, maana mtoto hawezi kulibahatisha jina la Zerubabeli, lazima alisome. Wamoravian, ambao nao wako mkoani Rukwa, wana kitu kinachowafaa hata wadogo zaidi: desturi ya mstari mmoja wa kila siku iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, na kuchapwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1731. Mtoto wa darasa la pili anaumudu mstari mmoja.

Simulizi hilo pia lina jiografia na historia kwa atakaye. Kutoka Nazareti hadi Bethlehemu ni kilomita kama 150 kwa njia za zamani. Barabara ya Laela hadi Sumbawanga mjini ni kama 95. Mtoto anayejua urefu wa safari ya Laela kwa basi anaweza kukokotoa safari ya Maria kwa miguu, kilomita 25 kwa siku, na kupata siku sita. Nisilitie chumvi hili: ni nyongeza tu. Kazi yenyewe ni kusoma.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wazazi wengi wa bondeni wenyewe hawasomi vizuri. Ni kweli, na ndiyo sababu napendekeza wasikilize. Mama aliyeisikia Injili ya Noeli kanisani kwa miaka thelathini anatambua mara moja mtoto anaporuka maneno, hata kama yeye hawezi kuyaonyesha kwa kidole. Bibi anafaa vilevile. Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya familia za Kifipa za Nkansi na uinjilishaji wa Kikatoliki, ameonyesha jinsi malezi ya mtoto wa Kifipa yalivyogawanywa tangu zamani kati ya wazazi, mabibi na mababu, na watoto wenzake wa rika. Dhana kwamba anayefundisha nyumbani lazima awe baba na mama wawili wenye vyeti haina asili Ufipa. Kaka wa kidato cha pili aliyerudi kutoka bweni anatosha kusahihisha.

Wapo watakaosema mtoto ataikariri hadithi badala ya kuisoma. Hilo nalikubali kwa nusu. Anayekijua kisa tayari husoma kwa urahisi zaidi, na urahisi huo ndio unaojenga kasi. Kinachotakiwa ni kuzuia udanganyifu kidogo: afuatishe maneno kwa kidole, aanzie katikati ya mstari anapoambiwa, atafute neno fulani kwenye ukurasa. Baada ya hapo asimulie kwa Kifipa alichosoma. Asiposimulia, hakuelewa.

Pingamizi zito zaidi ni la kiimani: je, hatugeuzi sala kuwa mtihani? Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mtoto anayefokewa mbele ya msalaba atachukia sala na kusoma, vyote viwili. Kwa hiyo masahihisho yasubiri amina, na asiwepo wa kupewa alama. Lakini kutenganisha kabisa mafundisho na ibada ni jambo geni katika historia ya Ukristo wa huku. Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa Karema mwaka 1885 walikuja na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba anayetaka ubatizo afundishwe kwa miaka minne. Katekista alikuwa mwalimu, na kanisa la kijiji mara nyingi ndilo lililokuwa darasa la kwanza.

Kuhusu uchovu wa shamba, dakika kumi zinatosha, na giza likiwahi zinaweza kuwa za asubuhi kabla ya kutoka. Tuisheni siipingi kwa mwenye uwezo, ila hulipiwa na huelekea kuwa mazoezi ya kujibu mtihani. Redio na televisheni tulizijaribu shule zilipofungwa kati ya Machi na Juni 2020. Nyumba isiyo na umeme ilibaki na daftari la zamani. Biblia moja au kitabu cha sala kimo katika nyumba nyingi, na pasipokuwa nacho, Jumuiya Ndogo Ndogo inayokutana kila wiki inaweza kuazimana na kuwapangia watoto zamu za kusoma.

Mpaka wa pendekezo hili ni mtoto aliyefika darasa la nne bila kuzishika silabi, na wa namna hiyo wapo katika kila shule ya kijijini. Mistari mitano itamwaibisha tu. Huyo apewe silabi za mstari mmoja, ziandikwe kwa mkaa ubaoni au kwenye karatasi, ba be bi bo bu za majina anayoyajua, na Januari mzazi aende naye kwa mwalimu wa darasa siku ya kwanza, aseme wazi mtoto ameishia wapi, ili atafutiwe nafasi kwenye kundi la kuanza upya.