Kila mama mlangoni pake, mkeka mmoja

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, mnakumbuka mwezi wa tatu 2020? Tarehe 10 mgonjwa wa kwanza wa Korona alijulikana Kinshasa. Siku chache baadaye Serikali ilikataza mikutano ya watu zaidi ya 20, shule, makanisa na misikiti vikafungwa. Sisi wa Kasongo na Kabambare tumezoea kulia msiba pamoja na kula sahani moja. Ghafla tukaambiwa: kaa mbali na mwenzako.

Sisi waganga tulifundisha sabuni na maji. Jambo moja tulilisahau, nami nakiri: upweke nao unaumiza. Nilimweka mchimbaji mmoja siku 14 nyumbani kwake kwa sababu alitoka safari. Homa hakuwa nayo. Lakini majirani walizunguka nyuma ya nyumba ili wasipite mlangoni pake, na siku ya sita nilimkuta amelewa, hataki kula wala kusema.

Mkewe ndiye aliyepata dawa. Alitoa ukindu, akaketi mlangoni, akaanza kusuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa mkeka. Mama wa ng'ambo ya barabara akauliza kwa sauti: rangi gani? Akajibiwa: nyekundu na nyeusi. Naye akaanza wake. Haikupita juma, milango mitano ilikuwa ikisuka, kila mama kwake, wakibishana juu ya mistari kuvuka barabara. Mchimbaji wetu akapewa kazi ya kuchana ukindu. (Wanaume wengine walicheka. Waache wacheke, pombe aliiacha.) Siku zake zilipokwisha, kili zilianikwa juani, zikashonwa kuwa mkeka mmoja. Umepinda upande mmoja, maana kuna aliyesuka kwa upana wake mwenyewe.

Hata mjini walifanya hivyo kwa namna yao. Nairobi, mtaa wa Mathare, mwezi wa nne 2020, vijana wa kikundi cha Mathare Roots walichora kutani picha kubwa za kufundisha watu kujikinga na Korona. Mpita njia huona kazi ya jirani bila kumgusa.

Lakini kabla hujaanza, uliza ni ugonjwa gani. Mpox, ile iliyowapata wachimba dhahabu wa Kamituga tangu 2023, hupita kwa kugusana ngozi, tena kwa nguo na matandiko. Mwenye vipele asisuke nawe wala asikalie mkeka wako, mpaka magaga yote yadondoke na ngozi mpya iote. Mpelekee chakula, zungumza naye kwa mbali, mchoree picha kwenye ukuta anaouona kutoka dirishani.

Kwa kuchora, tumia udongo mweupe na makaa. Usivunje betri kupata rangi nyeusi: vumbi lake ni sumu, na watoto hulishika. Chokaa nayo huunguza macho. Ikiingia, osha jicho kwa maji safi mengi robo saa nzima, kisha njoo dispansari, hata kama ni usiku.