Matabibu wa Meno Wapelekwe Vijijini

Mkata mkonge wa Mazinde aumwaye jino asipopata tiba karibu, hana budi kwenda Hospitali ya Magunga mjini Korogwe. Hulipa nauli, na ujira wa siku humpotea. Ndiyo maana wengi huvumilia mpaka jino halizibiki tena, likang'olewa.

Hasara hiyo yaweza kuepukwa. Tangu mwaka 1921 New Zealand ilifundisha wauguzi wa meno kwa ajili ya watoto wa shule. Hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ilijaribiwa njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono na saruji maalumu, bila umeme. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji itumikayo sasa kwa njia hiyo katika orodha ya dawa muhimu.

Kazi hiyo tabibu wa meno aiweza. Kwa hiyo twazisihi halmashauri zimpeleke katika vituo vya afya vya vijijini, tena zimpe vyombo na saruji. Tabibu asiye na saruji atabaki kung'oa tu, na wananchi wataendelea kupoteza meno ambayo yangeweza kuokolewa.