Siri ya wacheza karata 'wanaosoma' mawazo ya watu

MCHEZA mazingaombwe humwendea mtu mmoja katika kikundi, akamtazama machoni na kumwomba afikirie nambari. Iwe kati ya 1 na 50, humwambia, tarakimu zake mbili ziwe witiri na zisifanane. Kwa mfano 15, lakini isiwe hiyo. Baada ya kimya kifupi hutaja 37, na mara nyingi aliyeombwa hushika mdomo kwa mshangao.

Hakuna jini wala hirizi katika jambo hili. Aliyesikia "kati ya 1 na 50" hudhani ana uwanja mpana, ilhali masharti yaliyofuata yamembakishia nambari nane pekee: 13, 15, 17, 19, 31, 35, 37 na 39. Mfano uliotolewa unaifuta 15, na wengi huziepuka pia 13, 17 na 19 kwa kuwa zinafanana nayo mno. Miongoni mwa zilizosalia, 37 ndiyo ionekanayo kuwa ya kubahatisha zaidi. Anayeikosa aghalabu huangukia 35, na mchezaji mzoefu ana jibu tayari: husema aliiona hiyo kwanza, kisha akabadili nia.

Ustadi wa aina hii hutegemea jambo moja, kwamba mtu aamini amechagua kwa hiari yake. Mnamo 2015, Jay Olson wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti ambapo mcheza mazingaombwe aliwapitishia watu karata haraka mbele ya macho na kuwataka wachague moja kimoyomoyo. Karata moja iliachwa ionekane kwa muda mrefu kidogo kuliko nyingine. Asilimia 98 walichagua hiyo hiyo, na ni asilimia 9 tu waliotambua kwamba walikuwa wameelekezwa.

Jukwaani, hiyo ni burudani, na mtazamaji hurudi nyumbani na pesa zake. Sokoni mambo ni tofauti. Katika miji midogo ya eneo la majani chai kama Mogogosiek, eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa majani anayopeleka kituoni, kisha husubiri bonasi ambayo kwa kawaida hutoka mwezi Oktoba. Bonasi hiyo ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la dukani. Isitoshe, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba malipo yao ni madogo kuliko ya wenzao wa eneo la Mlima Kenya. Mtu mwenye pesa mfukoni ambazo hazitoshi mahitaji yake ndiye hasa anayetafutwa na wachezeshaji wa pata potea.

Mchezo wenyewe, ambao Wakenya wameuona kwa miongo mingi kwenye vituo vya magari na kando ya masoko, huonekana rahisi kupita kiasi. Karata tatu huwekwa juu ya katoni. Mtazamaji huonyeshwa moja, zote hugeuzwa na kuzungushwa, kisha huulizwa ile moja iko wapi. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Macho ya watu hutarajia kwamba ya chini ndiyo itakayotangulia kuanguka. Yeye huiachilia ya juu, kwa mwendo ule ule, na tangu hapo anayefuatilia kwa makini hufuatilia karata isiyo yake.

Lakini vidole ni nusu tu ya kazi. Watu wanne au watano walioinama juu ya katoni hiyo, wakishinda na kushangilia, ni washirika wa mchezeshaji. Mwanasaikolojia Solomon Asch alionyesha nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 jinsi umati unavyoyumbisha macho ya mtu: wahusika walioketi na kundi lililopangwa kusema uongo kuhusu urefu wa mistari walikubaliana na uongo huo katika takriban theluthi moja ya majibu yao. Hao hawakuwa wameahidiwa hata senti ya kushinda.

Hila iliyo kali zaidi ni ile ya kona. Mchezeshaji hugeuka kando, labda kutafuta chenji, na mshirika mmoja akaikunja haraka kona ya karata inayoshinda huku akimkonyezea mgeni. Sasa mgeni anaamini kwamba yeye ndiye mlaghai na mchezeshaji ndiye mjinga. Huweka pesa zote. Kumbe katika kuzungusha, kona ile imenyooshwa na ya karata nyingine kukunjwa. Na hata akibahatika kuigusa iliyo sahihi, mshirika huweka dau kubwa zaidi na dau la mgeni hukataliwa, au mtu hupaza sauti kwamba askari wanakuja na katoni ikapinduliwa.

Tego hilo la kona ndilo huwafunga midomo walioporwa. Mkulima atawezaje kueleza kituoni kwamba alipoteza karo alipokuwa akijaribu kumwibia mtu kwa karata aliyojua imekunjwa? Hata hivyo, sheria haimtazami hivyo. Kifungu cha 315 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhukumu anayejipatia mali ya mwenzake kwa hila au ujanja, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu. Ugumu uko kwenye ushahidi: karata tatu na kipande cha katoni huweza kutupwa mtaroni kwa sekunde moja, na mashahidi wote waliosimama karibu walikuwa upande wa mchezeshaji.

Mmoja wao kwa kawaida huachwa nyuma. Kazi yake ni kumshika mgeni bega, kumwambia kwamba naye pia amepoteza, na kumsindikiza taratibu hadi kwenye matatu ya kwenda nyumbani.