Robo tangi Kigwena: hesabu ya lita barabarani na kwenye mbio za kompyuta

KIGWENA, Burundi. Mshale wa mafuta unapogusa robo tangi, dereva anayetoka Nyanza-Lac kuelekea Rumonge huanza kupiga hesabu kabla hajakifikia kivuli cha msitu wa Kigwena. Je, aendelee hadi Rumonge akajaribu bahati kituoni? Akikuta pampu zimefungwa, atabaki na ya kumrudisha nyumbani? Na abiria wa Bujumbura waliokwisha kulipa nauli atawaambia nini?

Hapa barabara ya taifa namba tatu, RN3, hufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika, milima ikiwa upande mmoja na maji upande mwingine. Katikati yake ni michikichi, mashamba ya mihogo na mabaki ya msitu wa asili unaolindwa. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni takriban kilomita 75. Kwa gari dogo hiyo si safari ndefu. Lakini katika nchi iliyokaa miaka kadhaa na uhaba wa mafuta, umbali hupimwa pia kwa lita, na kwa siku za kukaa foleni.

Hesabu ya dereva huyu ina ndugu yake mbali na hapa. Vijana wa nchi nyingi wanaoshindana magari kwa njia ya kompyuta, kila mmoja akiwa nyumbani kwake na usukani wa mezani, huulizana maswali hayo hayo: nimebakiza lita ngapi, kila mzunguko unakula kiasi gani, na niingie kituoni lini? Wao wakikosea hupoteza nafasi kwenye msimamo. Wa Kigwena akikosea hupoteza riziki ya siku.

Mbio zinazoamuliwa na lita

Mbio hizi si mchezo wa watoto tena. Jukwaa la iRacing, moja ya yanayojulikana zaidi, lilianza mwaka 2008. Juni 2020, janga la Uviko-19 lilipozuia mikusanyiko, waandaaji wa mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, waliendesha toleo la mtandaoni ambalo madereva wa kulipwa walishindana bega kwa bega na mabingwa wa kompyuta. Magari hayo hayana injini, lakini programu huyapa tangi linalopungua, matairi yanayochakaa na uzito unaobadilika kadiri mafuta yanavyoisha.

Hapo ndipo akili inapoanza kuishinda kasi. Chukua mfano wa gari lenye tangi la lita 60 linalotumia lita 3 kwa kila mzunguko. Tangi moja linatosha mizunguko 20. Mashindano yakiwa ya mizunguko 41, dereva anahitaji lita 123. Maana yake ni kuanza na tangi lililojaa, kusimama mara moja kulijaza tena, kisha kusimama mara ya pili kwa sababu ya lita 3 tu za mzunguko wa mwisho.

Dereva mjanja hulitazama jambo hilo kwa upande wa pili. Akiweza kutumia lita 2.92 badala ya 3 kwa kila mzunguko, lita 120 zitamfikisha mwisho kwa kusimama mara moja. Tuseme kubana huko kunampotezea nusu sekunde kila mzunguko. Kwa mizunguko 41 atakuwa amepoteza sekunde 20 na nusu. Ikiwa kuingia kituoni, kujaza na kutoka kunagharimu sekunde 30, aliyekwenda polepole atamaliza mbele kwa sekunde 9 na nusu.

Mbinu zenyewe zinajulikana. Ya kwanza ni kuachia pedali ya mafuta mapema, mita kadhaa kabla ya kona, na kuliacha gari liteleze kabla ya kugusa breki. Ya pili ni kupandisha gia mapema ili injini isizunguke kwa kasi kubwa. Ya tatu ni kujificha nyuma ya gari lililo mbele, ambalo hupasua upepo kwa niaba yako.

Kwenye magari halisi hali ni hiyo hiyo. Katika Formula 1 kujaza mafuta wakati wa mbio kulipigwa marufuku kuanzia msimu wa 2010, kwa hiyo dereva huanza na mafuta yote atakayoyahitaji na kuyalinda hadi mwisho. Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikizipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari hujazwa katika maeneo yaliyotengwa tu. Timu huyajua maeneo hayo kabla ya siku ya mbio.

Kinachofaa RN3 na kisichofaa

Baadhi ya mbinu hizo zinahamishika moja kwa moja hadi kwenye barabara ya Rumonge. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa kasi. Dereva anayeshuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80 huupunguza kwa zaidi ya theluthi moja. Matairi yenye upepo wa kutosha huteleza kirahisi kuliko yaliyolegea. Mzigo usio wa lazima juu ya paa hula mafuta mara mbili, kwa uzito wake na kwa upepo unaougonga.

Kwa gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100, safari ya Rumonge hadi Bujumbura na kurudi inahitaji lita 12. Kuokoa asilimia 10 ni kubakiza lita 1.2, kiasi kinachotosha kilomita 15 nyingine. Ndiyo tofauti ya kufika na kusukuma gari.

Lakini kuna mbinu za kuachwa kwenye skrini. Kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukate upepo, kwenye barabara yenye waendesha baiskeli waliobeba mizigo na watoto wanaotoka shule, ni kutafuta msiba. Kuweka gia huru kwenye mteremko, desturi ya madereva wengi wa milimani, kunaipunguzia breki msaada wa injini. Tena kwenye injini za sasa za sindano hakuokoi kitu: ukiachia pedali huku gia ikiwa ndani, injini hukata mafuta yenyewe, ilhali ikiwa huru huendelea kuyanywa ili isizime.

Ziwani hakuna pembezoni

Mita chache kutoka barabarani hesabu inakuwa kali zaidi. Wavuvi wa mukeke na ndagala hutoka jioni, huwasha taa usiku na kurudi alfajiri. Boti yenye injini ikiishiwa mafuta katikati ya ziwa haina pembezoni pa kuegesha, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 670.

Kanuni ya mabaharia wengi duniani ni kugawa mafuta mafungu matatu: fungu la kwenda, la kurudi na la akiba kwa ajili ya upepo usiotarajiwa. Esansi inapokuwa adimu, fungu la kwanza kuliwa ni la akiba. Mvuvi hubaki na njia mbili: kuvua karibu, ambako samaki ni wachache, au kwenda mbali akiomba hali ya hewa imsamehe. Vyovyote atakavyochagua, bei ya ndagala sokoni Rumonge itayabeba maamuzi yake.

Kituo kisichotabirika

Tofauti kubwa kati ya dereva wa kompyuta na dereva wa Kigwena haiko kwenye ujuzi. Mshindani wa mtandaoni anajua kituo kiko wapi, kina mafuta, na kujaza kutachukua sekunde ngapi. Mkakati wake wote umesimama juu ya uhakika huo. Uondoe, na hesabu ya mizunguko 41 haina maana. Ikiwa hakuna anayejua pampu itafunguliwa mzunguko gani, kila mtu ataingia kituoni kila anapoiona wazi, hata kama tangi lake lina robo tatu.

Ndivyo inavyotokea Burundi. Mwenye gari akisikia shehena imefika, huacha kazi na kwenda kupanga foleni, kwa kuwa hajui itakayofuata itafika lini. Foleni ikirefuka, mafuta huisha haraka, na anayekosa hujifunza kuwahi zaidi siku nyingine. Wengine huweka akiba nyumbani katika bidoni, ambazo ng'ambo ya Tanzania huitwa madumu, karibu na jiko na karibu na watoto. Biashara ya magendo hushamiri, na bei yake huipita ile rasmi kwa mbali. Kwa hiyo ukosefu wa uhakika nao hula mafuta: safari za kuyatafuta, injini zinazosogea hatua kwa hatua kwenye foleni, na lita zilizofichwa uvunguni wakati mwingine anazihitaji leo.

Chanzo kikuu kinafahamika. Burundi haichimbi mafuta, na huyanunua kwa fedha za kigeni ambazo zimekuwa haba. Serikali ililikabidhi shirika la maji na umeme, REGIDESO, kazi ya kuyaagiza, kisha ikaunda kampuni ya taifa ya mafuta, SOPEBU. Baadaye ukaja mfumo wa kidijitali wa Igitoro Pass wa kugawa mafuta kwa magari yaliyosajiliwa. Mfumo wa kugawa unaweza kupunguza vurugu za foleni, ila hauwezi kuongeza lita ambazo hazikuingia nchini.

Majirani na uhakika

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo, iliyo ng'ambo ya ziwa, ikafuata mwaka 2022. Nchini Tanzania, mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kenya hufanya hivyo kupitia EPRA. Dereva wa Kigoma anaweza kulalamikia bei, lakini anaijua kabla hajawasha gari. Mwenzake wa Kigwena, aliye kwenye ziwa lile lile, hana uhakika huo, ingawa sehemu kubwa ya bidhaa za nchi yake hupitia bandari ya Dar es Salaam.

Miundombinu inasogea. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 fedha za barabara ya Rumonge hadi Gitaza, pamoja na ile ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati nao umezinduliwa. Barabara nzuri huokoa mafuta, na reli hupunguza gharama ya kuyaleta. Hata hivyo, bila fedha za kulipia shehena, lori na behewa vyote vitasubiri.

Kuna jambo ambalo halihitaji dola nyingi: taarifa. Dereva akijua kwa hakika kwamba Rumonge itapokea mafuta Alhamisi, atavumilia na robo tangi yake hadi Alhamisi. Hatapanga foleni Jumatatu, hatajaza bidoni, na mwenye gari la wagonjwa atapata nafasi. Lakini ahadi hiyo ikivunjwa mara mbili, foleni itarudi palepale.

Mpaka siku hiyo, anayepita Kigwena ataendelea kuachia pedali mapema kabla ya kona, kupandisha gia upesi na kutupia jicho mshale. Ujuzi anao. Anachokosa ni kituo cha kukipangia safari.